Maradhi ya Figo Yanayorithiwa: Tuzijue Dalili Zake Mapema

Upo ugonjwa ambao mtu huzaliwa nao, hukua nao, huoa na kuzaa akiwa nao, wala mwenyewe hana habari. Askari anaweza kuwa nao akapita mafunzo yote, akakimbia kilomita kumi na mzigo mgongoni, akapandishwa cheo mara mbili, na katika muda huo wote figo zake zikawa zinajaa vifuko vya maji, kimoja baada ya kingine, mpaka zikafanana na vishada vya zabibu. Anapokuja kushtuka yu katika miaka thelathini au arobaini, ana mke na watoto, na yamkini baadhi ya watoto wale wameurithi. Ndio uitwao ugonjwa wa figo zenye vifuko vingi.

Wiki hii ukurasa wa nyumbani unawaletea wasomaji wetu maelezo ya ugonjwa huo, na hasa dalili zake. Tumeuchagua kwa sababu dalili zake za mwanzo ni zile zile tulizozizoea katika makambi ya jeshi na ya polisi hata tukazidharau: presha, maumivu ya kiuno, homa, mkojo uliobadilika rangi. Kila moja ina jina lake mtaani na dawa yake dukani. Kwa hiyo kila moja hutibiwa peke yake, wala hapatikani mtu wa kuziweka zote pamoja akauliza zinatoka wapi.

Figo na vifuko vyake

Figo ziko mbili, nyuma ya tumbo, chini kidogo ya mbavu za mwisho, moja kila upande wa uti wa mgongo. Figo ya mtu mzima ni kubwa kadiri ya ngumi yake, ina urefu wa sentimita 10 hadi 12 na uzito wa gramu 150 hivi. Ndani yake mna vichujio vidogo mno vipatavyo milioni moja. Usiku na mchana figo zote mbili huchuja lita 180 za maji ya damu, kisha huyarudisha karibu yote mwilini, na kinachotoka kama mkojo ni lita moja na nusu au mbili tu, pamoja na taka. Kazi yake haiishii hapo. Figo husaidia kutawala presha, ndizo zinazouamuru mwili utengeneze damu mpya, na zina sehemu yake katika uimara wa mifupa.

Katika ugonjwa huu, vijifereji vilivyo ndani ya figo huvimba hapa na pale, vikajitenga na kuwa vifuko vilivyojaa maji. Mwanzoni kifuko ni kidogo kama punje ya mtama. Miaka ikipita chaweza kuwa kikubwa kama chungwa. Huwa mamia, pengine maelfu, na figo iliyokuwa na gramu 150 huweza kufika kilo kadhaa. Hata hivyo, zile sehemu nzima zilizosalia hujitahidi kufanya kazi ya zile zilizoharibika, na kwa sababu hiyo kipimo cha damu huweza kuonyesha kwa miaka mingi kwamba figo hazina neno. Hapo ndipo penye hadaa ya ugonjwa huu.

Si ugonjwa mpya. Mfalme Stefan Báthory wa Poland alipofariki mwaka 1586, waganga waliomfungua waliandika kwamba figo zake zilikuwa kubwa kama za fahali na zenye manundu; wataalamu wengi wa leo wanaamini kwamba ndio huu. Mwaka 1888 daktari Mfaransa, Félix Lejars, akaupa jina ambalo waganga wanalitumia hata sasa. Chanzo chake kikagunduliwa juzi juzi tu: mwaka 1994 ilipatikana kasoro katika jeni moja iliyo kwenye kromosomu ya 16, na mwaka 1996 katika jeni nyingine iliyo kwenye kromosomu ya 4.

Hesabu inayotajwa mara nyingi duniani ni mtu mmoja kati ya elfu moja hivi. Kwa muda mrefu vitabu vya uganga viliandika kwamba kwa Waafrika ugonjwa huu ni nadra sana. Sisi twaona yafaa kuyapokea maneno hayo kwa tahadhari. Katika nchi ambayo mashine za kutazama ndani ya tumbo zilikuwa chache, na ambamo mtu mwenye presha hufa kwa kiharusi kabla figo hazijachoka, nani angevihesabu vifuko hivyo? Kisichotafutwa hakionekani.

Presha ya kijana

Dalili ya kwanza, na inayopuuzwa kuliko zote, ni presha. Zaidi ya nusu ya wagonjwa huwa na presha ya juu wakati figo zao zingali zinafanya kazi vizuri, na wengi huipata kabla ya kutimiza miaka 35. Sababu yake ni kwamba vifuko vinapokua huvibana vijishipa vya damu ndani ya figo. Figo huona kama damu haiifikii, nayo hupeleka amri mwilini ya kuipandisha presha.

Mzee wa miaka sitini akiambiwa ana presha ya 150 kwa 95, si jambo la kushangaza. Kijana wa miaka 28, mwembamba, anayefanya mazoezi kila alfajiri, akikutwa na presha kama hiyo, haitoshi kumwambia kwamba ni mawazo ya nyumbani au uchovu wa lindo. Hapana budi aulizwe: mzazi wako alikuwa na presha? Kuna mtu wa kwenu aliyefariki kwa figo? Kisha apimwe mkojo, apimwe damu, na tumbo lake litazamwe kwa mashine.

Presha yenyewe ipimwe kwa adabu yake. Mtu akae kitako dakika tano, miguu iguse sakafu, mkono uwekwe juu ya meza, na awe hakuvuta sigara wala kunywa kahawa katika nusu saa iliyopita. Anayepimwa mara tu atokapo gwaride atapata hesabu isiyo yake. Ikizidi 140 kwa 90, arudie siku nyingine mbili au tatu kabla ya kusema ni ugonjwa au si ugonjwa.

Tuchukue mfano wa koplo mmoja wa polisi hapa Kampala. Jina hatumpi kwa kuwa hayupo, ni mfano tu, lakini wasomaji wengi watamtambua. Ana miaka 34, anakaa na familia yake katika kambi ya Nsambya. Aliumwa kichwa, akapimwa, akaambiwa ana presha, akapewa vidonge vya mwezi mmoja. Vidonge vilipokwisha alijiona mzima, naye akaacha. Baadaye kiuno kikaanza kumuuma upande wa kushoto. Alisema ni viatu, na ni kusimama mchana kutwa akiongoza magari Barabara ya Jinja. Akazoea kununua vidonge vya diklofenaki, viwili asubuhi na viwili jioni. Mwaka ukapita hivyo. Siku moja baada ya kucheza mpira mkojo wake ukatoka mwekundu kama chai ya rangi. Wenzake wakamwambia ni kichocho, akanunua dawa ya kichocho. Baada ya siku tatu mkojo ukawa safi, naye akamshukuru Mungu kwamba amepona.

Hakupona. Kifuko kilipasuka, kikavuja damu, kikaziba chenyewe. Ndivyo vifanyavyo vifuko hivi, na ndiyo sababu ya watu wengi kudhani wametibiwa na kitu ambacho hakikuwatibu.

Damu katika mkojo

Hapa tungependa kusimama kidogo, kwa maana jambo la kichocho linawapotosha wengi. Kichocho kinachopatikana katika ufuko wa Ziwa Victoria na Ziwa Albert ni kile cha matumbo. Damu yake huonekana katika choo kikubwa, siyo katika mkojo. Kichocho cha kibofu, kinachotia damu katika mkojo, kwa Uganda kinajulikana zaidi upande wa Lango, kaskazini ya Ziwa Kyoga. Askari aliyekulia huko, au aliyewahi kutumwa huko akaoga katika mabwawa, ana haki ya kukishuku. Aliyezaliwa Masaka na kufanya kazi Kampala siku zote asiwe mwepesi wa kulitumia jina hilo.

Iko sababu nyingine inayoihusu sana nchi yetu, nayo ni siko seli. Uchunguzi uliofanywa nchini mwaka 2014 na 2015 ulionyesha kwamba watoto 13 hivi katika kila mia wamebeba chembe ya siko seli bila ya kuugua. Baadhi ya watu wa namna hiyo hutokwa na damu kutoka katika figo, pasipo maumivu. Mawe ya figo nayo hutoa damu, na vivyo hivyo saratani ya kibofu. Upande wa pili, mtu aliyekula viazi vyekundu vya biti, au anayemeza dawa za kifua kikuu, huweza kuona mkojo mwekundu au wa rangi ya chungwa bila ya kuwa na damu hata tone. Kwa hiyo macho hayatoshi. Mkojo wa rangi ya damu, hata ukiwa wa mara moja na ukaisha wenyewe, upelekwe hospitali siku ile ile, katika chupa safi, na tumbo lipigwe picha.

Maumivu, homa na tumbo

Maumivu ya ugonjwa huu si ya namna moja. Yapo yale ya siku zote, mazito, ya ubavuni au kiunoni, yanayotokana na ukubwa wa figo zenyewe. Mgonjwa huhisi kama amefungiwa mzigo ndani, na akilala hupata nafuu. Yapo maumivu ya ghafula, makali, mahali pamoja, ambayo mtu huweza kuyaonyesha kwa kidole. Mara nyingi hayo ni ya kifuko kilichovuja damu ndani. Yapo yanayokuja kwa mawimbi, yakishuka kutoka ubavuni kuelekea kinenani, mpaka mwanamume mzima akagaagaa chini. Hayo ni ya mawe, na mgonjwa mmoja kati ya wanne au watano wa ugonjwa huu huyapata.

Homa nayo yahitaji maneno. Kwetu hapa kila homa ni malaria mpaka ithibitike vingine, na hatulaumu, maana malaria ipo na inaua. Walakini homa yenye baridi na kutetemeka, ikiandamana na maumivu ya ubavu mmoja, na kipimo cha malaria kisione kitu, huenda ni kifuko kilichoingiwa na vijidudu. Ugonjwa wa namna hii hauponi kwa vidonge sita vya dukani. Dawa nyingi haziwezi kupenya ndani ya kifuko, na daktari hulazimika kuchagua zile zinazopenya na kuzitoa kwa majuma kadhaa.

Kisha kuna tumbo lenyewe. Mtu huona mkanda wa sare haufungiki kwenye tundu lake la kawaida ingawa mikono na uso vinakonda. Hushiba upesi baada ya matonge machache ya posho. Akijipapasa huhisi kitu kigumu, chenye manundu, upande mmoja au pande zote mbili. Katika nchi ya malaria kitu kigumu upande wa kushoto huitwa bandama hata kabla ya kutazamwa, na wapo wanaochanjwa chale juu yake. Tunawaomba wazee watusamehe: chale haziponyi bandama, na chini ya mkono ule ule huweza kuwa ni figo. Mwanamke mwenye tumbo la namna hii huulizwa na majirani mimba ina miezi mingapi, na mume naye akaanza kuhesabu siku alizokuwa safarini. Ieleweke kwamba vifuko hutokea pia katika ini, na kwa wanawake, hasa waliozaa mara nyingi, huwa vikubwa kuliko kwa wanaume. Mama mwenye vifuko vingi katika ini amwambie muuguzi kabla ya kuanza vidonge vya kupanga uzazi, maana viko ambavyo havimfai.

Dalili nyingine tuzitaje kwa ufupi. Kuamka usiku mara kwa mara kukojoa. Maambukizo ya njia ya mkojo yanayorudi rudi, hasa kwa wanawake. Ngiri ya kitovu au ya kinena.

Moja hatutaki kuitaja kwa ufupi. Kati ya wagonjwa mia wa ugonjwa huu, wanane hadi kumi na wawili hivi huwa na mshipa wa damu katika ubongo uliovimba pahali pamoja kama puto, na hatari ni kubwa zaidi kwa yule ambaye ndugu yake alianguka ghafula akafa. Mtu wa ukoo wenye figo hizi akipata maumivu ya kichwa yanayokuja kwa dakika moja, makali kuliko yote aliyowahi kuyapata maishani, pamoja na kutapika, shingo kukakamaa au kuzimia, asingojeshwe mpaka asubuhi wala asipewe dawa za maumivu akalale. Achukuliwe hospitali kubwa saa ile ile, hata kama ni usiku wa manane na gari ni la kuazima.

Dalili za mwisho ni zile za figo zilizokwisha kushindwa: miguu na uso kuvimba, uchovu usioondoka kwa kulala, mwili kuwasha, kichefuchefu cha asubuhi, upungufu wa damu, pumzi kuwa fupi. Nusu ya wagonjwa huwa wamefika hapo wakitimiza miaka 60. Nusu nyingine hawafiki, au huchelewa sana kufika, na tofauti hiyo haitokani na bahati pekee.

Shilingi inayorushwa

Mzazi mmoja akiwa na ugonjwa huu, kila mtoto wake ana nafasi nusu kwa nusu ya kuurithi. Ni kama kurusha shilingi juu: kichwa au mwenge. Shilingi hurushwa upya kwa kila mtoto, kwa hiyo mwenye watoto sita aweza kuwa na watatu wagonjwa, au mmoja, au wote, au asiwepo hata mmoja. Mtoto asiyeurithi hana cha kuwapa wanawe, kwake umekwisha. Huwapata wanaume na wanawake sawasawa. Katika kila wagonjwa kumi, mmoja hivi hana mzazi mgonjwa, bali kasoro imeanza kwake. Iko pia aina nyingine, adimu zaidi, inayowapata watoto wachanga. Hiyo huhitaji wazazi wote wawili wawe wameibeba kasoro, ingawa wao wenyewe ni wazima.

Jambo hili lina uzito wake hapa kwetu. Katika Buganda na katika makabila mengi ya Uganda, mtoto ni wa ukoo wa baba. Watu wakitafuta ugonjwa wa kurithi huutafuta kwa baba na babu. Ugonjwa huu haujui koo. Hupita kwa binti kama upitavyo kwa mwana, na binti huolewa katika ukoo mwingine, akaupeleka huko ambako hakuna anayemkumbuka babu yake mzaa mama. Tena mtoto akiumwa, mara nyingi mke ndiye anayeshutumiwa kwamba ameleta kitu kutoka kwao, hali presha ya mume imeandikwa katika kitabu chake cha hospitali tangu kabla ya ndoa.

Anayetaka kuijua habari ya kwao basi aulize pande zote mbili. Aulize kwa makini, kwa sababu hakuna mzee atakayemwambia, "Fulani alikufa kwa figo zenye vifuko." Atasikia kwamba mjomba alianguka shambani akiwa na miaka arobaini na tano, kwamba bibi alikuwa na tumbo lisilozaa, kwamba baba mdogo alivimba miguu wakasema amerogwa na mke mwenza wa mama yake. Watu wa kuulizwa ni akina shangazi, ambao Waganda huwaita ssenga, kwa kuwa wao huhifadhi yale ambayo wanaume wamekwisha kuyasahau. Ukoo unapokusanyika kuondoa matanga na kumweka mrithi, pale ndipo wazee wote hupatikana pamoja, na maswali mawili matatu yaliyoulizwa kwa heshima hayamvunjii marehemu hadhi yake.

Jinsi ya kupimwa

Kipimo ni rahisi kuliko watu wanavyodhani. Ni picha ya tumbo inayopigwa kwa mawimbi ya sauti, ile ambayo akina mama waja wazito wanaijua na ambayo Kampala yote huiita skani. Haina sindano, haina mionzi ya kudhuru, na humalizika kwa dakika chache. Hupigwa katika hospitali za serikali kama Mulago na Kiruddu, katika hospitali za kijeshi, na huko Mengo, hospitali iliyofunguliwa mwaka 1897, kipo chuo kinachofundisha kazi hiyo hasa, Chuo cha Ernest Cook.

Cheti cha skani kikirudi na neno "vifuko", mtu asikimbilie kuandika wasia. Kifuko kimoja kimoja katika figo ni jambo la kawaida kadiri mtu anavyozeeka, nacho hakina madhara. Kwa mtu ambaye mzazi wake ana ugonjwa huu, madaktari huhesabu hivi: akiwa na umri wa miaka 15 hadi 39, vifuko vitatu au zaidi kwa figo zote mbili vinatosha kuuthibitisha; kuanzia miaka 40 hadi 59, sharti viwe viwili au zaidi katika kila figo; na mwenye miaka 60 na kuendelea, vinne katika kila moja. Aliyepita miaka 40 na skani yake haina kifuko anaweza kutulia. Kijana wa miaka ishirini mwenye skani safi bado hajapata jibu la mwisho, nayo itafaa irudiwe baadaye.

Akikutwa nao, afanye nini?

Dawa ya kuuondoa kabisa haipo. Lakini ile tofauti kati ya anayeshindwa figo akiwa na miaka 45 na anayefika 70 akiwa anakojoa vizuri, sehemu yake kubwa iko katika presha. Zipo dawa kama enalaprili na losatani ambazo huteremsha presha na wakati huo huo huzihifadhi figo. Ni za miaka mingi, zinapatikana nchini, na si za bei ya kutisha. Utafiti uliotangazwa Marekani mwaka 2014 ulionyesha kwamba kwa vijana ambao figo zao zingali nzuri, kuishusha presha hadi 110 kwa 75 au chini yake kulipunguza kasi ya figo kuvimba. Dawa hizi hazimezwi na mwanamke mwenye mimba, kwani humdhuru mtoto. Mama anayetarajia kuzaa amweleze daktari mapema abadilishiwe. Mama mwenye ugonjwa huu ambaye presha na figo zake ni nzuri aweza kuzaa salama, ila asikose kliniki.

Ipo pia dawa iitwayo tolvaptani, iliyoidhinishwa Japani mwaka 2014 na Marekani mwaka 2018, ambayo hupunguza mwendo wa ugonjwa wenyewe. Anayeitumia hukojoa sana na hulazimika kupimwa ini mara kwa mara, na bei yake ni kubwa mno kwa mshahara wa askari. Tumeitaja ili msomaji akiisikia asidhani amefichwa.

Jikoni kuna kazi ya mama wa nyumba. Chumvi isizidi gramu 5 kwa siku kwa kila mtu, yaani kijiko kimoja kidogo cha chai, na humo imo ile ya maharage, ya mchuzi na ya vidonge vya kukolezea mchuzi. Maji yanywewe ya kutosha, lita mbili au zaidi, maadamu figo hazijashindwa. Zikishindwa, daktari ndiye atakayepanga kiasi. Vidonge vya diklofenaki na ibuprofeni, ambavyo koplo wetu alivifanya chakula, huzidhuru figo zilizokwisha kuharibika. Maumivu yakija, parasetamoli ni afadhali. Dawa za miti shamba zisizojulikana kipimo chake ziachwe. Tumbaku iachwe. Na kwa vijana wetu wa ndondi, mchezo unaopendwa mno katika jeshi na polisi: ngumi moja ya ubavuni huweza kupasua kifuko. Kukimbia ni sawa, kuogelea ni sawa. Ulingoni asipande.

Tunajua kinachowazuia wengi kwenda kupimwa. Askari huogopa kwamba jina lake likiingia katika daftari la wagonjwa ataachwa nyuma wenzake wakitumwa safari ya kikazi yenye posho, au atahamishiwa kazi ya ofisini. Hofu hiyo tunaielewa, wala hatutaiita upuuzi, maana posho ile ndiyo karo ya watoto. Lakini na ahesabu upande wa pili. Figo zikishindwa, damu itasafishwa kwa mashine mara mbili au tatu kila wiki, muda wa saa nne kila mara, huko Kiruddu au mahali pengine penye mashine hizo, na anayetoka mbali hulazimika kupanga chumba karibu. Hapo hapana safari yoyote tena.

Njia nyingine ni kupandikizwa figo ya mtu mwingine. Zamani Mganda aliyehitaji matibabu hayo alisafiri mpaka India au kwingineko. Mwaka 2023 ilitiwa saini sheria ya kutoa na kupandikiza viungo vya binadamu, ambayo pia imekataza kuviuza na kuvinunua, na mwezi wa Desemba mwaka huo huo figo ya kwanza ikapandikizwa hapa hapa nchini, katika hospitali ya Mulago.

Kwa ugonjwa huu wa vifuko, upandikizaji una shida yake. Mtu akihitaji figo, wa kwanza kujitokeza ni ndugu wa tumbo moja, na ndugu huyo ndiye mwenye nafasi nusu kwa nusu ya kuwa mgonjwa naye. Akiwa kijana, hata skani yake ikiwa safi, madaktari watataka apigwe picha kwa mashine kubwa zaidi ya sumaku kabla ya kumruhusu. Si mara moja ukoo uliokuja na watu watano wa kujitolea umerudi na mmoja, au pasipo yeyote, na wengine kati yao wakapata siku hiyo habari ya ugonjwa wao wenyewe. Mke hana damu ya ukoo ule. Vipimo vyake vikipatana na vya mumewe, naye akikubali kwa hiari yake, yeye hupita katika mlango ambao kaka na dada wamezuiwa.

Kuhusu watoto, madaktari wengi hawashauri kumpiga skani mtoto mdogo asiyeumwa, kwa kuwa jibu lake lingemwandama kabla hajaweza kuamua lolote. Wanachoshauri ni kupima presha yake mara moja kwa mwaka kuanzia umri wa miaka mitano hivi, kwa ukanda unaolingana na mkono wa mtoto, na kuitibu ikipanda. Akitimiza miaka 18, mzazi amkalishe amweleze yote, na uamuzi wa kwenda kupimwa uwe wa kijana mwenyewe.